Kabla hujamuita dereva wako mwongo, fungua siti uone GPS imefungwaje

1.

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa matatu, usingizi umekata. Basi ngoja niandike hili nililowaahidi tangu wiki iliyopita. Ni refu, nitaliweka kwa vipande, msome taratibu. Wale wa "fupisha dada" leo mnivumilie.

Linahusu GPS kwenye bodaboda. Na linatuhusu sisi watu wa mshahara: manesi, walimu, watu wa halmashauri, tuliovunja kikoba au kuchukua mkopo tukanunua pikipiki, tukampa kijana kwa mkataba, halafu tukafunga GPS ili tulale usingizi. Maoni yangu nayasema mapema, asiyetaka kusoma hadi mwisho aondoke nayo: GPS iliyofungwa ovyo ni afadhali usiwe nayo kabisa. Usipokuwa nayo, unajua kwamba hujui. Ukiwa nayo imefungwa ovyo, unakuwa na uhakika wa kitu ambacho si kweli, na uhakika wa namna hiyo nusura uniulie mtu.

2.

Pikipiki yangu niliinunua mwaka jana. Mkataba na dogo ni shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, Jumapili ni yake, miezi 14. Akimaliza, pikipiki ni yake na kadi tunabadilisha jina. Wanaojua hesabu za mkataba wataona sikumkaba sana. Anaishi Toangoma, kijiwe chake Mbagala Rangi Tatu. Ana mke na mtoto wa miezi saba, na kadi ya kliniki ya huyo mtoto naikagua mimi mwenyewe nikienda kwao.

Miezi mitatu ya mwanzo hatukuwa na GPS wala hatukuwa na shida. Jioni hela inaingia kwenye simu, nasema asante, basi.

Halafu mwenzetu mmoja wodini akaibiwa pikipiki yake. Dereva wake alikodiwa usiku na abiria wawili, akaokotwa mtaroni kapigwa kichwani. Alipona, namshukuru Mungu. Pikipiki haikuonekana hadi leo. Tukaingia woga wote, na wiki ileile tukajikusanya watano tukaenda dukani Kariakoo. Shilingi 135,000 kila mmoja, pamoja na kufungiwa.

Kufunga kulichukua dakika ishirini. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini nakunywa dafu, nikamsifia kijana kwamba ana mkono mwepesi. Jamani, kanula tu kumuwekea mtoto aliyeishiwa maji inaweza kukuchukua zaidi ya dakika ishirini. Na nikifundisha wanafunzi wa vitendo wodini huwa nawaambia kuchoma mshipa ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuifunga ile kanula isitoke mgonjwa akigeuka. Siku ile sikukumbuka hata kimoja. Nilikuwa na haraka ya kuiona pikipiki yangu kwenye ramani.

3.

Nikaanza kuiangalia. Asubuhi naangalia, nikitoka kugawa dawa naangalia, chooni naangalia. Mliofunga GPS mnajua, msinicheke.

Na nikaanza kuona mambo. Saa saba usiku, pikipiki ambayo dogo anasema iko ndani kwake Toangoma, ramani inaionyesha Kongowe. Dakika kumi baadaye iko Toangoma. Baadaye iko karibu na Mto Mzinga, yaani kwenye majani kabisa. Asubuhi ripoti inaniambia imetembea kilomita 31 usiku. Nampigia: "Usiku ulikuwa wapi?" "Nililala, sista." "Umempa deiwaka?" "Hapana, sista, haki ya Mungu." Mimi nashikilia simu yangu kama hakimu.

Nikamshika uongo, kwa lugha yangu mimi, mara nne au tano. Nikamwambia kwa kilomita zile hesabu inatakiwa iwe 13,000. Akakaa kimya. Alikuwa ameanza pia kulalamika kwamba pikipiki inakohoa, inakata njiani halafu inarudi, taa zinacheza. Amenunua plagi mara mbili kwa hela yake. Nikasema moyoni, huyu ananitengenezea sababu za kuchelewesha hesabu.

Ikafika Ijumaa. Hesabu haijaingia siku mbili. Niko kazini, saa kumi na mbili na nusu jioni, programu inaonyesha pikipiki iko Kongowe imesimama tangu saa kumi, kasi sifuri. Napiga simu, hapokei. Mara nne hapokei. Kichwani ikanijia picha ya yule dereva wa mwenzangu mtaroni, na sambamba na hiyo ikanijia picha nyingine kwamba dogo kaiweka rehani. Sijui ipi iliniumiza zaidi, nawaambia ukweli.

Programu ina kitufe cha kuzima injini. Dukani tuliambiwa ni salama, kwa sababu kifaa hakikubali kuzima kama pikipiki inakwenda zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Na mimi naona imesimama. Nikabonyeza. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Haikuwa Kongowe. Ilikuwa Barabara ya Kilwa, maeneo ya Mtoni Mtongani, inatembea, juu yake dogo na mama mmoja muuza samaki wa kukaanga na ndoo yake. Injini ikafa, na taa zote zikafa nayo, giza linaingia, nyuma lori la mchanga. Hakupokea simu kwa sababu alikuwa anaendesha, yaani alikuwa anafanya kitu ambacho sisi watu wa afya tunawahubiria wafanye. Akaivutia pembeni kwa kasi iliyobaki, wakaangukia mtaroni. Mama alichubuka goti na mkono ukateguka. Samaki wote chini. Lori likapita.

Mimi ndiye ninayewapokea hao watu. Najua lori la mchanga linafanya nini. Najua tunavyokata suruali kwa mkasi, tunavyotafuta simu ya marehemu tuone jina lililopigwa mwisho. Jina lililopigwa mwisho kwenye simu ya dogo lingekuwa la kwangu, mara nne.

4.

Jumamosi asubuhi akaja nyumbani. Hakupiga kelele. Akaweka ufunguo juu ya meza. "Sista, chukua pikipiki yako. Mimi nina mtoto."

Alikuwa ameshalipa miezi sita na nusu. Mtu anaacha miezi sita na nusu mezani kwa mtu aliyemuita mwizi. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama kuna kitu nimekosea mimi.

Nikamwomba kitu kimoja tu, twende wote kwa fundi umeme wa pikipiki, mzee mmoja yuko Zakhem, halafu baada ya hapo aamue. Tukaisukuma hadi barabarani, tukapakia kwenye guta. Nikamwamkia mzee shikamoo, nikamweleza. Akaitikia marahaba, akafungua siti, akaangalia, akamwita msaidizi wake aje aangalie naye. Mkiona fundi anamwita mwenzake aje kushangaa, jueni mmeumia.

Kifaa kilikuwa kimelala kifudifudi pembeni ya betri, chini ya bati, kimezungushiwa tepu nyeusi ya umeme kama mtoto aliyefungwa kitovu na mkunga wa njiani. Gundi ya tepu ilishayeyuka kwa joto, inanata vidole. Waya mwekundu umechubuliwa na kusokotwa kwenye waya wa taa ya nyuma, hakuna fyuzi. Waya mweusi umebanwa kwenye bolti yenye rangi, kwa hiyo ardhi inashika ikipenda. Waya mwingine umepita chini ya ukingo wa siti, na kila dogo na abiria wakikaa, siti inaukata kidogo kidogo.

Na ule waya mkuu unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, ndio waliukata katikati ili kuweka relei ya kuzima injini, kisha wakaunganisha kwa kusokota na tepu. Pikipiki ikiingia kwenye shimo, sokoto linaachia kidogo, umeme unakatika, unarudi. Ndiko kukohoa kwenyewe. Plagi mbili za dogo ziliingia humo.

5.

Sasa nieleze kwa lugha ya wodini, kwa sababu mimi mwenyewe ndivyo nilivyoelewa.

GPS haijui uko wapi kwa uchawi. Inasikiliza ishara za setilaiti zilizo juu kama kilomita 20,000, na ishara hizo zikifika chini ni dhaifu sana. Inahitaji kuzisikia setilaiti zisizopungua nne kwa pamoja ili ipate mahali pa uhakika. Ndani ya kifaa kuna antena, mara nyingi kigae kidogo bapa, na kina upande wa kuangalia mbinguni. Plastiki na sponji ya siti haviizuii sana. Bati linaizuia. Tenki linaizuia. Ukikilaza kifudifudi chini ya bati, ni kama umemziba mtu masikio halafu unamuuliza redio inasema nini.

Ikikosa setilaiti, hainyamazi. Hapo ndipo penye hatari. Vifaa vingi hivi vikikosa mbingu vinakisia mahali kwa mnara wa simu ulio karibu, na mnara unaweza kuwa kilomita moja au mbili kutoka ulipo. Ukibadilisha mnara, pikipiki "inaruka". Ndiyo Kongowe yangu hiyo. Na hata ikisikia setilaiti chache kwa tabu, alama inacheza huku na huku wakati pikipiki imelala, na programu inajumlisha ile michezo yote inaandika kilomita. Ndizo kilomita zangu 31.

Hata kile kizuizi cha kutozima ikiwa kwenye mwendo, kasi yake kinaipata kwenye setilaiti zilezile. Kifaa kisichosikia kitu kikabaki na alama ya zamani na kasi sifuri. Kwa kifaa, dogo alikuwa amesimama Kongowe. Kikatii.

Wenzangu manesi, mnaijua ile mashine ya kidoleni ya kupima oksijeni. Mgonjwa ana vidole vya baridi, au bibi harusi kaja na piko na rangi ya kucha, mashine inaandika 81. Unafanyaje? Unamwangalia mgonjwa. Anaongea vizuri, midomo haijabadilika rangi. Unafuta kidole, unabadilisha kidole, unapasha mkono moto, unapima tena. Hukimbilii mtungi kabla hujaangalia kidole, wala humwambii mgonjwa anakudanganya kuhusu pumzi yake. Mwaka wa kwanza wa diploma tunafundishwa hivyo. Mimi nimefanya kazi miaka kumi na moja, nikaenda kuliamini boksi lisilolingana hata na kiberiti kuliko mtu ninayemjua na mke wake.

6.

Mzee alitumia masaa mawili na nusu, akatoza 40,000. Nilikaa hapohapo, dogo naye pembeni, safari hii bila dafu. Naandika alichofanya ili mkienda mjue mnaangalia nini.

Kwanza mahali. Alizunguka pikipiki nzima akigonga kwa kifundo cha kidole kusikia wapi plastiki, wapi bati. Akachagua ndani ya plastiki ya mkia, nyuma ya siti. Juu hakuna chuma, bomba la moshi liko mbali, na maji ya tairi hayafiki moja kwa moja. Nikamuuliza, mwizi hataiona? Akasema mwizi kitu cha kwanza anafungua siti, kila mtu anaficha chini ya siti. Kuna wanaoweka mbele nyuma ya kava la taa, nayo ni nzuri kama kava ni plastiki na waya hazibanwi usukani ukikatwa. Kila pikipiki na yake. Ila hakuna sababu ya kuificha mahali ambapo hata yenyewe haijui iko wapi.

Akaweka kipande cha sponji ngumu chini yake, akakifunga kwa kebo tai mbili nyeusi, zile kamba za plastiki za kukaza, upande wa antena juu. Sponji ni kwa ajili ya mtetemo. Pikipiki inatetema siku nzima, na mtetemo unalegeza laini ya simu iliyo ndani, unalegeza kila kitu. Ncha za kebo tai alizikata usawa kabisa, akapitisha kidole kuhakikisha hazichani mkono wa atakayefungua kesho. Nilimpenda hapo.

Umeme akauchukua kwenye betri yenyewe, si kwenye taa. Waya mwekundu ukawekewa fyuzi ndogo ya ampia 2, karibu na betri. Karibu, si karibu na kifaa, kwa sababu waya ukichubuka katikati ya njia, fyuzi iliyoko mwisho haikusaidii, na waya umepita jirani na tenki la petroli. Fyuzi na kishikio chake aliniuzia shilingi 2,000. Hiyo ndiyo waliyonibania pale dukani kwenye 135,000 yangu. Mweusi nao moja kwa moja kwenye betri. Mimi nilikuwa nakariri rangi, akanikataza, akasema kila mtengenezaji ana rangi zake, unasoma karatasi ya kifaa na unapima kwa mita.

Maungio yote aliyachomelea kwa risasi, akavalisha mrija ule wa plastiki unaosinyaa ukipashwa moto, na kila ungio akalifunga kwenye fremu lisining'inie. Akanieleza kwamba waya uliochomelewa unakuwa mgumu palepale risasi inapoishia, ukiachwa ucheze unakatika hapo. Kwa hiyo risasi peke yake haitoshi, lazima ushikwe.

Njia ya waya akaifuata ile ya kiwandani, ubavuni mwa fremu pamoja na waya za pikipiki, mbali na injini na bomba la moshi, na hakuna hata mmoja uliofungwa kwenye kebo ya breki wala ya klachi. Akaacha kitanzi kidogo cha waya kabla ya kifaa, ili siti ikifunguliwa usivutike. Nikacheka peke yangu. Ni kilekile kitanzi tunachoacha kwenye mpira wa dripu na kukibandika plasta, mgonjwa akijigeuza kivutike kitanzi, si kanula. Na waya ukashushwa chini kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye kifaa, ili maji yakiufuata yadondokee pale chini, yasipande. Mvua za masika na vijana wa kuosha pikipiki kwa presha, wote wanapita njia hiyohiyo.

Halafu vipimo. Injini ikiwa inaunguruma, usukani wote kulia, wote kushoto, sauti isibadilike, taa zisicheze. Dogo akaiendesha kwenye matuta akarudi. Akaimwagia maji kwa kopo. Ikasimamishwa nje kwenye uwazi, tukanywa chai, tukarudi kuangalia ramani. Alama ilikuwa imetulia kwenye uwanja wa mzee, haijasogea. Siku zote nilizoitazama ile alama sikuwahi kuiona imetulia hivyo.

Kitu kimoja cha mwisho hapa: kifaa hiki kinakula betri polepole hata pikipiki ikiwa imezimwa. Ni kidogo, lakini betri za pikipiki ni ndogo. Ukiiweka ndani wiki mbili tatu bila kuwasha, usimlaumu dereva ikigoma.

7.

Kuzima injini. Hapa najua tutagombana, na wodini tumeshagombana.

Mimi nimeitoa. Relei nzima imetoka, waya mkuu wa swichi umerudishwa mzima na kuchomelewa. Wenzangu wananiambia sasa GPS ya nini, mwizi ataondoka nayo huku unamwangalia. Ndiyo, nitamwangalia, na nitawapa polisi mahali alipo. Nisichotaka ni kuwa na kitufe mfukoni kinachoweza kumuua mtu ambaye simwoni. Hata akiwa mwizi kweli, nyuma ya mwizi kunaweza kuwa na bodaboda nyingine yenye mtu na mtoto wake. Na mara nyingi kitufe hiki, tuseme ukweli, hatukibonyezi kwa mwizi. Tunakibonyeza kwa mtu wa hesabu ya jana. Mmoja wetu aliniambia waziwazi kwamba yeye ikifika saa tatu usiku hela haijaingia, anazima, "atajileta mwenyewe". Anajileta wapi, na amebeba nani?

Wanaosema lazima wawe nayo, basi angalau hivi. Fundi atumie relei ambayo ikikosa umeme inaacha injini iendelee, si ile inayoikata, ili kifaa kikifa njiani pikipiki isife nacho. Ajue kwanza pikipiki yako inazimika kwa kukata umeme au kwa kuupeleka ardhini, zote zipo na zinafungwa tofauti. Asiguse waya unaobeba taa. Na muulize muuzaji kama kifaa kinaweza kuzuia tu isiwake tena baada ya kuzimwa kwa ufunguo, badala ya kuikata ikiwa inatembea. Kama hajui jibu, usimpe hela ya kufunga. Mkijaribu, jaribuni imesimama, dereva kaishika.

8.

Kuna mtu kaniuliza pembeni, na ile ya simu kwenye usukani kwa vijana wa kubeba abiria wa mtandaoni? Hiyo kwangu ni hadithi nyingine, lakini kwa kifupi: kile kishikio cha shilingi 5,000 cha plastiki kinachobanwa kwa skrubu moja kinazunguka, na kijana anakirudisha kwa mkono mmoja huku anaendesha. Nimepokea majeruhi aliyeniambia kwa mdomo wake, "Nilikuwa naiinua simu." Chukua cha chuma chenye kubana pembe zote nne, kikae katikati chini ya usawa wa dashibodi, kisizibe taa za dashibodi wala kugusa kebo. Na mtetemo si wa mchezo, hata Apple mwaka 2021 walitoa onyo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Sauti ya maelekezo iwe sikio moja, macho yabaki barabarani.

9.

Dogo alirudi. Si siku ileile. Alichukua siku nne kufikiri, na nilimwacha afikiri. Nilimrudishia hela ya plagi mbili, na mama wa samaki tulimfuata wote wawili, nikamlipa mzigo wake na kumfunga mkono kwa wiki mbili. Mama yule alinisema maneno ambayo siyaandiki hapa, nilistahili.

Masharti aliyoweka dogo ni mawili. La kwanza, na yeye awe na ile programu kwenye simu yake, aone ninachokiona. Nikaona ni haki yake, maana ninachokifuatilia pale ni maisha yake, analala wapi, anaenda kwa nani Jumapili. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na sisi wa afya tunafundishwa siri za mgonjwa kila siku, lakini za dereva tunazianika kwenye magrupu ya WhatsApp tukicheka, "ona wangu kalala wapi leo". La pili, nisimpigie akiwa barabarani zaidi ya mara moja, asipopokea nisubiri.

Tuliandika kwenye karatasi ya mkataba, tukasaini tena, mke wake shahidi.

Tangu hapo ni miezi minne. Hesabu inachelewa wakati mwingine, kama zamani, na ananiambia sababu, kama zamani. Juzi kanipigia mwenyewe: "Sista, fungua ramani uone, ile mashine inasoma umeme mdogo. Kesho asubuhi naipitisha kwa mzee." Ilikuwa bolti ya betri imelegea. Mzee hakumtoza.

Wale wanne tulioenda nao dukani siku ile, wawili wameshafungua siti zao. Wote walikuta tepu nyeusi. Wawili waliobaki wanasema zao ziko sawa, na hawajaangalia.

Leo naingia tena usiku. Maswali wekeni hapa chini, nitajibu kesho nikishakabidhi zamu. Namba ya mzee siweki hadharani, anayeitaka anifuate pembeni, na akienda amsalimie shikamoo kwanza, ni mkali.